Kozi ya sayansi kwa wanafunzi wa sheria na fasihi: nibakize nini?

Mhadhiri Mgeni:
Ndugu wanataaluma, nimekabidhiwa kozi ya muhula mmoja ya sayansi ya msingi, ambayo ni ya lazima kwa wanafunzi wa sheria, historia, fasihi na biashara. Muhtasari niliourithi unapitia fizikia, kemia, biolojia na jiolojia kwa haraka, na ukiuchunguza ni kozi za mwaka wa kwanza zilizonyofolewa hesabu. Je, nizibakize mada zote kwa juujuu, au nichague chache na kuzichimba? Na hesabu nizifute kabisa, kama ninavyoshauriwa?

Mwalimu wa Fizikia:
Chagua chache. Waulize wanafunzi wako kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi, nao wengi watajibu kwamba dunia hulikaribia jua wakati wa joto. Waeleze basi kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152 hivi, ilhali Januari hiyohiyo kaskazini ni baridi na kusini ni joto. Hapo dhana yao inaanguka mbele ya macho yao, na maelezo ya mhimili ulioinama kwa nyuzi 23.4 yanapata pa kushika. Jambo hilo moja humaliza kipindi kizima, na linastahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuwapa wanafunzi wake swali la dhana, kila mmoja akalijibu peke yake, kisha akajadiliana na jirani yake kabla ya kujibu tena. Njia hiyo haihitaji maabara.

Mtakwimu:
Kuhusu uchache wa mada naafikiana na Mwalimu, ila wanaokushauri ufute hesabu wanakupotosha. Chukua ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo kisichomkosa mgonjwa yeyote lakini kinachowatangaza kuwa wagonjwa asilimia 5 ya watu wazima wa afya. Katika watu 1,000 mgonjwa ni mmoja, huku wapatao 50 wakiambiwa wanaumwa ilhali hawaumwi. Kwa hiyo aliyepewa jibu hilo ana uwezekano wa takriban asilimia 2 tu wa kuwa mgonjwa kweli. Kuzidisha na kugawanya kumetosha. Wakili mtarajiwa, ambaye atapima ushahidi wa wataalamu, analihitaji hilo kuliko kukariri jedwali la elementi.

Msomaji wa Historia ya Sayansi:
Wanafunzi wako si mbumbumbu; wa historia, kwa mfano, wamezoea kuhoji ushahidi, nawe uanzie hapo. Wape kisa cha kipindupindu cha London mwaka 1854, ambapo daktari John Snow aliorodhesha vifo vilivyoizunguka pampu ya maji ya Broad Street, wakati wengi wakiamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Kabla hujawapa hitimisho lake, kwamba ugonjwa ulienezwa na maji ya pampu hiyo, waulize wao wangehitaji kujua nini zaidi. Mmoja akiuliza kuhusu waliokaa jirani wasiugue, mweleze habari za wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu, ambao hawakuyanywa maji ya pampu hiyo. Usiwafiche pia kwamba mlipuko ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla mpini wa pampu haujaondolewa ili watu wasiyateke maji yake, maana hapo ndipo mjadala wa chanzo na matokeo unapokolea.

Mhadhiri Mgeni:
Nawashukuru. Sasa mtihani utungwe vipi, ikiwa sipimi kukariri?

Mtakwimu:
Wape dai lenye takwimu ambalo hawajaliona darasani, waandike ni ushahidi gani ungeliangusha. Usahihishaji wake unachosha, hasa darasa likiwa kubwa, kwa hiyo swali la namna hiyo liwe moja na mengine yawe ya kuchagua jibu, mradi majibu yasiyo sahihi uyatunge kutokana na makosa ambayo wanafunzi wenyewe huyafanya wanapojadiliana darasani.