Kwa nini wanaharakati wa hotelini wanasifiwa na wa mtaani wanaitwa wachochezi?

Mkazi wa Tandika
Wakuu habari za saa hizi. Majuzi wamama wa genge huku kwetu walitoka na mabango, wameandika kwa maka peni kwenye maboksi ya sabuni, wanadai choo cha soko, wakatembea kwa utulivu kabisa mpaka kwa mtendaji na kamera ilikuwepo. Usiku kwenye taarifa ya habari sauti zao zimezimwa, anayesikika ni kiongozi tu anasema kuna watu wanawachochea. Hapohapo ikafuata semina ya asasi fulani hotelini, mgeni rasmi kahutubia weee kuhusu kumwezesha mwanamke! Sasa hawa wa genge sio wanawake? Nani anaamua huyu mdau wa maendeleo na yule mchochezi?

Ripota wa Mtaani
Mkuu, nipo kwenye hii kazi. Wengi wetu ni makorespondenti, hatuna mshahara, unalipwa kwa stori iliyotoka. Semina wanakupa nauli, msosi upo, hotuba imeshachapwa. Maandamano unaenda kwa hela yako, unaweza kuvunjiwa kamera, na ukirudi mhariri anauliza RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, kasemaje, kama hajaongea stori inalala. Naye mhariri ana hofu, sheria ya habari ya 2016 ilileta leseni, Juni 2020 gazeti la Tanzania Daima wakafutiwa ya kwao mpaka Februari 2022 ndo wakafunguliwa. Halafu matangazo ya serikali nayo ndo yanalipa bili.

Dada wa Mabibo
Kaka Ripota nakuelewa, ila hofu haikuzuii kumpa mama mmoja maiki akasema choo kimeziba tangu lini! Inaniuma sana hii. Kila siku mnatangaza "maandamano bila kibali" wakati sheria ya polisi inataka utoe taarifa saa 48 kabla, sio uombe kibali, na hilo hamliambii taifa.
Na asasi nazo zina lawama, zinaita waandishi siku ya uzinduzi tu halafu zinawapa karatasi imejaa "mkabala shirikishi", nani ataelewa? HakiElimu, ile asasi ya elimu, matangazo yao ya redio na TV yalieleweka na kila mzazi, ndo maana 2005 wizara ikawapiga marufuku kuchapisha mambo ya shule. Hata zile semina za Jumatano pale TGNP Mabibo, ule mtandao wa jinsia, wanaongea watu wa kawaida kabisa, mwandishi akikaa pale anaondoka na stori za wiki nzima.

Mkazi wa Tandika
Umenena dada. Ripota, nikikuunganisha na mwenyekiti wa wale wamama wa genge utakuja? Nauli tutachanga.

Ripota wa Mtaani
Nauli msinipe mkuu, nitajitegemea. Nitumie namba yake inbox, na mwambie nataka niongee na wale walioshika mabango, yeye baadaye.

Mkazi wa Tandika
Poa, njoo asubuhi kabla mzigo haujashuka, ukishashuka hakuna wa kukusikiliza pale.