Mtoto amepigwa X kwa kukataa kwamba Krapf ndiye "aligundua" Mlima Kenya. Nimfunze nini?

mama_wa_umoja2
Habari zenu wadau, niko na swali na naomba msinicheke. Kijana wangu yuko gredi ya 6, juzi akaleta karatasi ya mtihani nyumbani, swali la 14 linauliza nani aligundua Mlima Kenya, yeye akaandika "watu walikuwa wanaishi hapo". Ticha kapiga X nyekundu ya nguvu na pembeni kaandika Krapf, 1849, yaani yule mmisionari wa Kijerumani.

Sasa mamangu yuko hapa kwangu ametoka Kitui kuja kliniki ya macho, hajui kusoma, lakini akataka kujua mbona mtoto amekasirika. Kijana akamweleza. Susu (ndivyo tunaita nyanya kwa Kikamba) akaendelea kuchambua maharagwe kitambo hivi, halafu akauliza, "na huyo mzungu alikuwa amelala kwa nani?" Mtoto akaniangalia mimi, mimi nikaangalia sufuria.

Hapo ndio akaanza na Kivoi, Mkamba aliyempokea huyo Krapf, vile alikuwa mtu mkubwa wa biashara ya pembe za ndovu, vile misafara yake ilikuwa inashuka mpaka Mombasa, na vile mgeni alionyeshwa mlima akiwa kwetu. Wadau, mimi nimemaliza fomu 4 na historia nilipata B, lakini Kivoi kwangu alikuwa mstari mmoja tu kwa kitabu. Nikitaka mtoto aijue historia ya Afrika kutoka kwa wenyewe naanzia wapi? Na bado mtihani apite, tusidanganyane. Pia sitaki ile ya kutukana wazungu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, hiyo bado ni habari yao.

ticha_wa_zamu
Mama pole, hizo X nimepiga nyingi sana mimi mwenyewe. Mwongozo wa kusahihisha ukisema Krapf ni Krapf, ukimpa mtoto maki kwa hilo jibu lake kuna mtu atakuuliza. Lakini tuseme ukweli, swali lenyewe ndio bovu. Lingeuliza "ni mzungu gani wa kwanza kuandika kwamba ameuona" hakuna mtu angegombana, Krapf aliuona akiwa Kitui Desemba 1849, na hata jina alilipata kwa Wakamba, Kĩĩnyaa. Na aliposema juu kuna theluji wataalamu kule London walimbishia, wamekaa tu kwa viti vyao hawajawahi kanyaga huku.

Hii vita si ya leo. Mwaka wa 1963, mwaka ule ule tunapata uhuru, profesa wa Oxford anaitwa Hugh Trevor-Roper alisema Afrika hakuna historia ya kufundisha, kuna ya wazungu walioko Afrika tu, hiyo ingine ni giza. Mwaka uliofuata UNESCO ikaanzisha kazi ya kuandika historia ya bara zima, vitabu 8, na kwa ile kamati theluthi mbili walikuwa Waafrika. Cha kwanza kilisimamiwa na Ki-Zerbo wa Burkina Faso, cha 5 ni Ogot wetu huyu aliyetuacha Januari 2025, cha 8 ni Ali Mazrui wa Mombasa. Ogot alikuwa anafanya kile susu amekufanyia hapo kwa maharagwe: anaketi na wazee wa Kijaluo, anahesabu vizazi, mzee wa ukoo huu akisema hivi anaenda kwa ukoo ule kuona kama zinalingana. Kuna maprofesa walisema hiyo ni hadithi za jioni si historia. Aliendelea.

msee_wa_roysa
Naomba kupinga kidogo. Wazee pia wanadanganya bana. Babu yangu kila vita alikuwa mbele, ukipiga hesabu ya miaka unapata alikuwa na miaka 6. Na hii "kutoka kwa wenyewe", wenyewe ni kina nani? Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili safi kabisa, mtu wa Zanzibar, ni sauti ya hapa hapa, na ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anajisifia safari zake. Wale waliobebeshwa hizo pembe hawakuandika kitu. Kwa hivyo mtoto akishauliza mzungu alilala kwa nani, aulize pia nani alimpikia na nani alimbebea mizigo. Susu wako ako na akili sana lakini na yeye Kivoi ni wa kwao, lazima atamsifu.

mwana_wa_kibokoni (naishi South C lakini moyo uko kwetu)
Mimi yanichoma hii dhana kwamba wazungu waliandika na sisi tulisimulia tu. Pwani watu walikuwa waandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate 1728, zaidi ya miaka mia kabla ya huyo Krapf kufika Mombasa. Mwanangu akisoma vile Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alivyoichukua Mombasa 1837 simpi kitabu cha mabalozi kwanza, nampa Muyaka bin Haji, mtu wa Mombasa aliyekuwapo, yuwatunga mashairi ya kuwakejeli wa Unguja na meli zao. Mshairi ana upande wake, naam, simkatalii msee wa Roysa. Lakini na balozi ana wake, tena yeye hata haufichi kwa vina.

Kuna wengi pia hawaambiwi kuwa Mekatilili, yule mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, hakuanza na bunduki, alianza na ngoma ya kifudu, kijiji baada ya kijiji, hadi Wagiriama wakala kiapo cha kuwakataa 1913.

karatasi_na_vumbi
Mama, siku ukileta susu tao kwa kliniki pitia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ile jumba ilikuwa benki zamani. Chini kuna sanaa na vitu vya kale alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, mtoto atafurahi, juu ndio mafaili. Ukisoma ya enzi za mkoloni shika kalamu uandike pembeni nani anaongea. Karibu kila mara ni D.C., mkuu wa wilaya, anaandikia bosi wake, kwa hivyo "wenyeji wametulia" inaweza kuwa anatafuta kupandishwa cheo. Na si yote yako hapo. Mafaili mengine yalisafirishwa Uingereza wakati wa uhuru, yakakaa Hanslope Park, jumba la serikali yao, mpaka 2011 serikali yao ikakubali iko nayo, ni kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wamewapeleka kortini. 2013 wakalipwa, watu 5,228. Wale wazee walikuwa wamesema miaka yote waliteswa, na jibu ni leteni ushahidi, kumbe ushahidi uko kwa stoo ya yule yule anayeuliza.

mama_wa_umoja2
Asanteni jamani, sikutarajia. Jana usiku tumeanza, mtoto ndiye anauliza mimi nashika simu nikimrekodi susu. Msee wa Roysa, swali la nani alibeba mizigo liliulizwa, susu akakaa kidogo akasema "hao hawakuimbwa", akakataa kuendelea mpaka apewe uji.

Kitu nilichopenda ni miaka. Kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, hiyo ni ya karani. Yeye anahesabu kwa njaa. Nyanya yake alikuwa msichana wakati wa Ngomanisye, ile iliyoingia kila mahali, tukapiga hesabu tukapata ni wakati reli inakaribia Nairobi, 1899 hivi. Mimi anasema nilizaliwa Nikw'a Ngwete ikiisha, yaani nafa na pesa mkononi, kulikuwa na pesa na hakuna chakula cha kununua, na hiyo ni miaka ya 1980, kweli kabisa. Kijana amechora mstari kwa kalenda ya zamani ya ukutani, juu njaa chini tarehe.

Ticha nilimpata getini leo, akacheka, akasema X inabaki lakini susu akipata nafasi Ijumaa aje aongee na darasa.

Sasa simu imejaa na tumefika tu Kivoi anauawa. Nani anajua nahamisha aje hizi rekodi bila kufuta video za harusi ya dadangu?