Mjadala: Nani hushika breki miswada ya afya, na kwa nini hatumjui?

Mtoa hoja, Langoni, Lamu

Assalaam aleikum wandugu. Naileta hoja hii tuizungumze kwa uwazi. Kila kampuni, chama au mtu anayekutana na wabunge kuhusu mswada wa afya alazimishwe na sheria kutangaza alikutana na nani, lini, na aliomba kifungu gani kiguswe. Mimi naunga mkono. Nitasema sababu zangu, na anayepinga apinge.

Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii, ule uliosukumwa na Charity Ngilu alipokuwa waziri wa afya. Lengo lilikuwa Wakenya wote watibiwe kupitia mfuko mmoja. Kampuni za bima na waajiri waliupinga vikali. Ulipofika Ikulu, Rais Kibaki alikataa kuutia saini. Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa gharama, na si hoja ya kupuuzwa. Lakini hoja ya gharama hujibiwa kwa kupiga hesabu upya, na kifungu chenye kasoro hurekebishwa. Mswada ule haukupata kuwa sheria. Sheria ya kuiondoa NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, ilitiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, na mtoto aliyezaliwa wakati Ngilu akiupigania mswada wake alikuwa keshamaliza shule ya upili.

Miaka hiyo yote sisi wa visiwani tuliishi vipi? Mgonjwa wa Kizingitini aliletwa Lamu kwa mashua, familia ikijinunulia petroli. Akiambiwa apelekwe Mombasa, mchango ulipitishwa msikitini baada ya sala. Nimemwona mvuvi akiuza mashine ya boti yake ili mkewe afanyiwe upasuaji. Mke alipona, alhamdulillahi, lakini mume akabaki kuwa kibarua katika chombo cha mwenzake, na mpaka leo hajanunua nyingine. Hasara ya namna hii haiingii katika hesabu za wale wanaosema mswada "usubiri kwanza".

Ilipofika 2023 mambo yakageuka. Miswada minne ya afya ilipelekwa mbio mbio, nasi tukaambiwa tutoe maoni. Mnayajua matangazo hayo: yako gazetini, kwa Kiingereza, na yanataka maandishi yamfikie Karani wa Bunge, Nairobi, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku fulani. Kijana mmoja wa hapa Langoni alituchapishia kurasa chache za mswada wa bima, tukakaa nazo barazani. Wazee hawakutaka mengi. Walitaka kujua mvuvi ambaye miezi ya kusi hatoki baharini atalipaje mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hakuna aliyejua swali hilo lipelekwe kwa nani. SHA, mamlaka ya bima iliyochukua nafasi ya NHIF, ilipoanza kazi Oktoba 2024, mwenye mshahara alikatwa asilimia 2.75 kila mwezi, na asiye na mshahara akatakiwa alipe ya mwaka mzima mapema.

Kwa hiyo sidai kwamba kila mswada upite haraka. Ninalosema ni kwamba mswada ukilala, unalazwa na walio karibu na Bunge, na ukikimbizwa, unakimbizwa na hao hao. Nataka majina yao yaandikwe.

Nesi mstaafu, Malindi

Mwanangu, umesahau tumbaku, na huko ndiko ushahidi uliko.

Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004. Sheria yetu ilipitishwa 2007. Kanuni za kuitekeleza zilitoka 2014. Mwaka 2015 kampuni ya sigara ya BAT ikaenda Mahakama Kuu kuzipinga. Ikashindwa 2016. Ikakata rufaa, ikashindwa 2017. Ikaenda Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Hesabu mwenyewe miaka kutoka kuridhia mkataba hadi kesi ya mwisho. Kushtaki ni haki yao, sikatai. Lakini mwenye fedha za mawakili akishindwa kesi bado amepata alichotaka, yaani muda wa kuuza. Mimi nilikuwa zamu za usiku katika wodi ya wanaume. Mtu aliyeharibikiwa na mapafu kwa sigara halali chali, hukaa kitako mpaka alfajiri akikumbatia mto, na wewe huna la kumpa zaidi ya oksijeni kama ipo.

Sasa sikiliza hili. Katika kanuni hizo za 2014 mna sehemu inayowabana maofisa wa serikali: wasikutane na kampuni za tumbaku ila pale inapolazimu, na mkutano wenyewe uwe wa wazi. Kampuni ilikuwa ikiipinga sehemu hiyo pia, na kanuni zikasimama. Kwa hiyo unachokidai si kitu kigeni. Kwa tumbaku tunacho. Kipanuliwe kifike kwa bima, dawa na hospitali za kibinafsi.

Wakili, kwao Shela, kazi Mombasa

Nawaheshimu wote wawili, lakini napinga.

Kwanza, Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lishirikishe umma, na Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Kuzungumza na mbunge si dhambi. Chama cha madaktari huzungumza naye, na wagonjwa wa saratani nao humwendea. Ukiweka masharti ya kujisajili na kujaza fomu, kampuni itaajiri mtu wa kujaza. Kikundi cha akina mama wa Mkomani kitanyamaza. Utakuwa umeufunga mlango mdogo na kuuacha ule mkubwa wazi.

Pili, kuna kuchelewa kunakotuokoa. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza sheria tatu kati ya zile nne kuwa kinyume cha Katiba, na ushirikishwaji duni wa umma ulikuwa miongoni mwa sababu. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Aliyekwenda mahakamani mwanzo alikuwa mwananchi. Naye tumwite mchelewesha sheria?

Tatu, Marekani ina sheria ya 1995 inayowataka washawishi, yaani wanaolipwa kuwasemea wengine kwa wabunge, waandikwe katika rejista. Mwaka 2009, Baraza la Wawakilishi lao lilipitisha mswada wa afya wenye bima ya serikali ya kushindana na kampuni. Ulipofika Seneti zilihitajika kura 60 ili kufunga mjadala. Seneta Joe Lieberman, wa Connecticut, jimbo lenye makampuni makubwa ya bima, akasema hataunga mkono kitu hicho kikiwamo. Kikaondolewa. Rejista ilikuwapo, na kila mtu aliona. Ilisaidia nini?

Mwalimu, Mpeketoni

Naongeza kidogo tu. Tanzania walileta muswada wa bima ya afya kwa wote Bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa kwa sababu haikuwa wazi fedha za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi. Ukapitishwa Novemba 2023. Waliahirisha, sababu ikajulikana, kisha wakarudi. Ule wa kwetu wa 2004 ulikwama kwa gharama vilevile na ikachukua miaka kumi na tisa. Kwangu mimi tofauti iko hapo, katika kurudi.

Mwenye mashua, Faza

Wakili mwanangu, mimi hizo ibara umenipita. Ila najua Katiba imesema Kiswahili ni lugha rasmi. Mbona mswada hauji kwa Kiswahili? Mimi ndiye napeleka wagonjwa usiku. Maji yakipwa katika mkondo wa Mkanda wa kwenda Mokowe tunangoja, na mgonjwa yu ndani ya chombo. Mwaka jana mama mjamzito alitaka kuzalia humo. Mtu wa bima ana mtu wake Nairobi wa kumsemea. Mimi nataka tu mswada uje usomwe Faza, tena usomwe na mtu atakayetujibu.

Mtoa hoja

Mzee wa Faza, hilo lako naliingiza katika hoja kama lilivyo.

Wakili, nakujibu. La kikundi cha akina mama umenishinda kwa nusu: sheria isiwaguse wasioajiri mtu wa kuwasemea kwa malipo. Imguse anayelipwa, na kampuni inayomlipa. La yule mwananchi aliyekwenda mahakamani, huyo jina lake liko kwenye hati ya mashtaka, hoja zake ziko wazi, na upande wa pili ulipewa nafasi ya kujibu. Hicho ndicho ninachokitaka kwa wengine wote. Yule wa kampuni ya bima aliyemwona mwenyekiti wa kamati hotelini jioni, hati yake iko wapi tuijibu?

La Marekani lina uzito, sitalipitia juu juu. Rejista peke yake haikuiokoa bima ile. Lakini watu wa Connecticut walijua seneta wao amesimama wapi na jimbo lake linaishi kwa biashara gani, na wewe mwenyewe, ukiwa Mombasa, umetueleza hapa leo. Sasa nieleze mswada wa Ngilu. Nani alikwenda Ikulu kati ya kura ya Bunge na uamuzi wa Rais? Waliomba nini? Huwezi, mimi siwezi, na waliokuwa wabunge wakati huo hawajatuambia.

Kwa hiyo nadai hivi. Kabla mswada wa afya kusomwa mara ya pili, maoni yote yaliyopokelewa yachapishwe pamoja na majina ya walioyaleta. Kamati ikibadilisha kifungu, iseme kwa ombi la nani. Muhtasari wa Kiswahili utoke siku moja na mswada, na kikao kimoja kifanyike visiwani, si Mokowe peke yake. Rais akikataa kutia saini, Katiba ya sasa tayari inamtaka aurudishe na sababu zake, na Bunge linaweza kumshinda kwa thuluthi mbili. Tatizo limebaki huku kwenye kamati, ambako mswada unaweza kukaa mpaka muhula wa Bunge uishe, ufe nao.

Hapo kwenye muda ndipo sijaamua. Nesi, wewe umeona hasara ya kungoja. Wakili, wewe unaogopa haraka. Kamati ipewe siku ngapi, na siku hizo zikiisha bila ripoti, iweje? Nipeni takwimu na sababu, niandike rasimu tuipeleke kwa mbunge na kwa seneta, majina yetu yakiwa juu.

Wakili

Siku tisini, na zikiisha mswada uende mbele ya Bunge zima bila ripoti ya kamati. Kifungu cha kuwasamehe vikundi vidogo nitakiandika mimi. Bado sikubaliani nawe kuhusu rejista.

Nesi mstaafu, Malindi

Tisini ni nyingi. Sitini.