Mifupa imetokeza vilima vya Shela: DNA yaweza kutwambia marehemu alikuwa na sura gani?

Mwana wa Shela
Assalaam aleikum. Kusi limeanza, mchanga wa vilima vya Shela, hapa Lamu, umehama tena, na mifupa imetokeza: fuvu la kichwa na meno yake, na mfupa wa paja. Wazee wasema ni ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Waamu, yaani watu wa Lamu, walipowashinda Wapate na Mazrui, watawala wa Mombasa. Mpwa wangu aapa kuwa siku hizi maabara hutoa sura nzima ya mtu kwa DNA. Ni kweli? Tungejua kama huyu ni wa kwetu au ni wa Mombasa!

Fundi wa Maabara, Malindi
Waaleikum salaam. Sura nzima hapana. Kipimo maarufu, HIrisPlex-S, husoma alama 41 za DNA na kukisia rangi tu: ya macho, nywele na ngozi. Pua na kidevu hayamo.

Uchakavu wa mifupa wenyewe hauzuii sana kipimo hicho. Joto, unyevu na vijidudu huikata DNA vipande vipande. Kipimo cha kawaida cha polisi hutaka vipande virefu, vingine vya herufi 300 na zaidi (herufi ni viungo vidogo vinavyofuatana kwenye uzi wa DNA). Alama ya rangi ni herufi moja, basi hata kipande kifupi chatosha. Ndivyo walivyompima Richard III, mfalme wa Uingereza aliyekufa 1485: macho ya buluu, uwezekano asilimia 96. Lakini yeye alilala kwenye udongo wa baridi. Mchanga wa Shela saa saba za mchana hata mguu haukanyagi.

Tuseme imesomeka. Majibu nakupa bure sasa hivi: macho ya kahawia, nywele nyeusi, ngozi iliyokolea. Mwamu ndiye huyo, Mpate ndiye huyo, Mmvita, mtu wa Mombasa, ndiye huyo. Kipimo kimejengwa zaidi kwa Wazungu, ambao macho yao hutofautiana. Huku kwetu hakimchagui mtu.

Mwana wa Shela
Na asili ya ukoo je?

Fundi wa Maabara, Malindi
Hiyo ilifanywa. Utafiti wa 2023 ulisoma DNA ya watu 80 wa kale, wengine wa Manda na Faza hapo kwenu. Upande wa mama wengi ni Waafrika; upande wa baba, Waajemi wengi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Lakini mchanganyiko huo umeenea pwani, hautakutengea Mwamu na Mmvita. Angekuwa mtu aliyepotea juzi, ningeacha rangi nikachukua mate ya mamake au nduguze nikalinganisha.

Msiishike kwa mikono mitupu, jasho lenu lina DNA nyingi kuliko huo mfupa. Waiteni polisi na watu wa Makumbusho.

Bi Mkubwa wa Langoni
Na akiwa Mpate mtamrudisha kwa jahazi? Mume wangu ni Mpate, nimezaa naye. Mfunikeni maiti wa watu, mbuzi wasimkanyage, mpaka hao wa Makumbusho waje.