Mtoto ameanza sekondari, anataka kunyoa nywele

Mama wa wawili, Leicester

Sat Sri Akal na hamjambo nyote. Sisi ni Makalasinga, watu wa dini ya Sikh, na nywele hatukati. Mwanangu ameanza sekondari Septemba hii. Shule ya msingi patka yake, kile kilemba kidogo cha watoto, haikumsumbua mtu, lakini sasa kuna wavulana basini wanaolivuta lile fundo la nywele utosini, na juzi kaniambia nimpeleke kwa kinyozi. Baba yake amewaka, bibi yake analia. Mawaidha nimesikia ya kutosha. Naomba mnaojua mniambie nifanye nini.

Mzee wa Kisumu, sasa Birmingham

Pole sana, binti yangu. La shule lina jibu fupi. Mwandikie mkuu wa shule, useme mtoto anaonewa kwa dini na asili yake, utaje Sheria ya Usawa ya 2010. Kesi ya Mandla ilianzia huku kwetu Birmingham: shule ilikataa kumpokea mvulana kwa ajili ya kilemba na nywele zake, na mwaka 1983 majaji wa Baraza la Malodi wakaamua kwamba sisi Makalasinga ni jamii inayolindwa na sheria dhidi ya ubaguzi. Walimu wakuu wanaijua. Barua ikifika, watachukua hatua.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Nani anamchana? Kama ni wewe, asubuhi mmechelewa, unavuta kitana naye anapiga kelele, basi kila siku yake inaanza kwa kuumizwa na nywele zake mwenyewe. Mfundishe ajichane. Kangha, kitana chetu, iwe ya mbao. Aanze nchani, apande polepole hadi kwenye mashina, na usiku ajipake mafuta ya nazi kidogo. Kisha ainame, nywele zote ziangukie mbele, azisokote na kuzizungusha utosini. Siku za mwanzo fundo litalegea saa nne asubuhi. Mwache, alifunge tena mwenyewe.

Halafu kilemba. Hapo baba yake apewe kazi badala ya kufoka. Kitambaa cha rubia, mita tano hivi, mmoja ashike ncha hii na mwingine ile, wavute hadi kikazike, wakunje pamoja. Ile staili yetu ya Kenya, iliyotiwa wanga na mikunjo imekaa sawasawa, hapa Uingereza inatambulika toka mbali. Kijana aone kuwa ni fahari aliyoachiwa.

Akiuliza kwa nini, ajibiwe kama mtu mzima. Sikukuu ya Baisakhi ya 1699, pale Anandpur, India, Guru wetu wa kumi, Gobind Singh, aliianzisha Khalsa, jumuiya ya waumini waliokula kiapo, na kati ya alama zetu tano, kesh, yaani nywele zisizokatwa, pekee haivaliwi wala hainunuliwi. Inaota. Kuiacha ni kukubali umbo alilokupa Mungu. Msimulie Bhai Taru Singh wa Lahore, mwaka 1745, aliyekubali kuchunwa ngozi ya kichwa kuliko kunyolewa, na kwamba katika Ardas, sala yetu, tunawataja walioshika nywele zao hadi pumzi ya mwisho. Mwonyeshe na picha za Joginder Singh, dereva wa mbio za magari, mzaliwa wa Kericho, mshindi wa Safari Rally 1965, 1974 na 1976, kilemba kichwani.

Akishikilia bado? Mimi simfungi mtoto kilemba kwa nguvu. Ila kinyozi asiwe dawa ya uonevu. Uonevu ukomeshwe kwanza, ndipo aulizwe tena anataka nini.

Dada wa Mombasa, London

Mimi si Kalasinga, ingawa chakula cha gurdwara, hekalu lenu, ya Makindu nimekila kila nikipanda Nairobi, Mungu awabariki. Nasaidia walimu darasani, nataka kuongezea habari za kuogelea, maana hapo watoto wengi hukwama. Nywele ndefu zikifungwa mbichi zinanuka na kichwa kinauma, na watoto hawakosi la kusema. Mwombe mwalimu wa michezo amwachie mwanao muda wa kuzikausha na mahali pa faragha, asizifungue mbele ya wenzake. Mtilie begini taulo la pili na patka kavu.

Mama wa wawili, Leicester

Asanteni sana, Mzee na dada. Barua nimeipeleka leo asubuhi. Baba yake anauliza: huo wanga mnanunua, au mnapika wenyewe nyumbani?