Wakorea wanaposema «uri», wanawahesabu akina nani?

Binti wa Tanga ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa pili wa masomo hapa Seoul, na kuna neno moja fupi la Kikorea ambalo kila ninapodhani nimelielewa hunitoka tena. Neno hilo ni «uri», yaani sisi, au -etu. Mkorea hasemi mama yangu. Husema «uri eomma», mama yetu, hata akiwa mtoto wa pekee, na mke humtaja mumewe «uri nampyeon», mume wetu, wala hakuna anayeshtuka. Nyumba ni «uri jip», na hilo halikunisumbua, kwa sababu sisi nasi husema nyumbani kwetu hata mtu akiwa anaishi peke yake.

Novemba iliyopita mama mwenye nyumba aliniita nimsaidie kimjang, ile kazi ya kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, ya kutosha majira yote ya baridi. Kabichi za Kichina zilikuwa zimelala kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Tulikaa sakafuni na glavu nyekundu za mpira, tukipaka rojo la pilipili, vitunguu saumu na uduvi waliochachushwa katikati ya kila jani, naye kila baada ya muda alichana jani laini la ndani, akalikunja na kunilisha kwa mkono wake. Jirani alipoingia na kuuliza mimi ni nani, alijibiwa, «uri jip haksaeng», mwanafunzi wa nyumbani kwetu. Nilifurahi mno. Jioni ileile, taarifa ya habari ilipoanza, mama huyohuyo alinigeukia akaanza kunieleza mambo ya «uri nara», nchi yetu, kwa namna ambayo nilijua papo hapo kwamba mimi simo. Je, hizi ni «uri» mbili? Mliokaa huku muda mrefu, mpaka wake mmeuona wapi?

Mwalimu wa Lugha amejibu:

Mdogo wangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Kikorea kina sisi nyingine, «jeohui», ambayo ni ya unyenyekevu: mtu huitumia anapozungumza na mkubwa wake au na mteja, na humwacha msikilizaji nje. Lakini walimu huwakanya wanafunzi wasiseme «jeohui nara» hata mbele ya mkubwa, kwa hoja kwamba nchi haishushwi kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo «uri nara» husemwa hata mbele ya mgeni, na mwenye nyumba wako hakukusudia kukutenga. Sarufi ya heshima haikumpa njia nyingine.

Hata hivyo sarufi peke yake haitoshi. Wakorea huita lugha yao «urimal», lugha yetu, na neno hilo limelipiwa. Chini ya utawala wa Japani, uliodumu tangu mwaka 1910 hadi 1945, Kikorea kilisukumwa nje ya shule, na mwaka 1940 watu wakashinikizwa kuchukua majina ya ukoo ya Kijapani. Mwaka 1942 wanachama wa chama cha lugha waliokuwa wakiandaa kamusi ya Kikorea walianza kukamatwa, miswada yao ikachukuliwa kuwa ushahidi, na wawili kati yao walifia gerezani. Septemba 1945, wiki chache tu baada ya ukombozi, miswada hiyo ilikutwa katika ghala la stesheni ya reli ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1947. Kila ninaposoma habari ya ghala lile hutulia kidogo. Watu waliokaribia kunyang'anywa lugha na majina hawawezi kutamka -etu kwa wepesi.

Tatizo ni kwamba sisi hiyo, iliyokuwa kinga, baadaye ilifundishwa kama sisi ya damu: taifa la asili moja, «minjok». Kiapo cha bendera kilitaja neno hilo hadi mwaka 2007, lilipoondolewa.

Mama wa Ansan amejibu:

Namshukuru Mwalimu, ila nami niseme ya huku Ansan, mji ulio karibu na Seoul, ambako nimeolewa na kuzaa. Darasani kwa binti yangu yumo msichana wa ukoo wa Kim, ambaye kwa sura huwezi kumtofautisha na wenzake, lakini anazungumza Kirusi. Ni wa uzao wa Wakorea wapatao 170,000 ambao mwaka 1937 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu kutoka Mashariki ya Mbali hadi Kazakhstan na Uzbekistan, na sasa baadhi ya vizazi vyao wamerudi. Binti yangu amezaliwa hapa, Kikorea ndiyo lugha anayoiotea ndoto. Siku ya kwanza mwalimu mpya alimtazama Kim kana kwamba ataelewa kila kitu, akamwuliza mwanangu ametoka nchi gani. Ikawa mwanangu ndiye anayemfafanulia Kim maelekezo. Nilipohadithiwa niliumia, na bado naumia, kwa sababu watoto wote wawili walikosewa: mmoja alihesabiwa kwa damu akaachwa bila msaada, mwingine ana lugha yote na hakuhesabiwa.

Lakini nisiwadhulumu watu hawa. Majirani hawaniiti mgeni. Huniita mama fulani, kwa jina la mwanangu, sawasawa na ambavyo ningeitwa Mombasa. Mhudumu wa mgahawani huitwa «imo», mama mdogo, na kwa hakika ni mama mdogo, si shangazi, kwa kuwa lugha yao hutenganisha ndugu wa mama na wa baba kama yetu. Mlango wa ukoo huufungua upesi. Wa taifa ndio mzito.

Binti wa Tanga ameongeza:

Ahsanteni sana, Mwalimu na dada yangu wa Ansan. Jana nilimwuliza mama mwenye nyumba iwapo siku nikipata uraia atasema «uri nara» akinihesabu na mimi. Alinyamaza, akaendelea kukunja nguo, kisha akaniuliza kama mama yangu ameshakubali nikae mbali naye kiasi hicho.