Gego linanitesa na bima sina. Madereva wa njia ya Tunduma mnatibiwa wapi meno?

Suka wa Mbalizi

Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni dereva wa semi, napakia bandarini Dar, nashusha Lubumbashi huko Kongo, safari nyingine Kolwezi. Nina gego la chini kulia limetoboka. Mwanzo lilikuwa linashtuka nikinywa maji baridi tu. Sasa linapwita lenyewe, tena usiku ndio linachachamaa. Nikiwa napandisha mlima Kitonga, kila gari likitikisika maumivu yanapanda mpaka sikioni.

Kliniki binafsi moja ya Dar walipiga picha wakaniambia uoza umefika kwenye mshipa. Kutibu mzizi laki mbili na nusu, nirudi mara mbili au tatu. Kung'oa elfu thelathini, naondoka siku hiyo hiyo. Hela ni tatizo, ila tatizo kubwa zaidi ni huko kurudi. Nitamwahidi vipi daktari kwamba Jumanne ijayo nipo? Mpaka wa Tunduma unalala foleni, mpaka wa Kasumbalesa wa kuingia Kongo unalala tena, ukishusha unasubiri mzigo wa shaba wa kurudi nao.

Bima hatuna. Tajiri wetu ana malori machache, mkataba wa maandishi hakuna, tunalipwa kwa tripu na posho ya njia. Nilipomuuliza alijibu kuwa madereva tunakuja na kuondoka, hawezi kumwandikisha mtu. Mke na watoto watatu wako Mbalizi, nao hawana kadi.

Sitaki kuling'oa. Nina miaka 38, upande wa kushoto nina pengo tayari, hili ndilo ninalotafunia. Naombeni mwongozo: ni wapi njia hii kuna daktari wa meno anayetibu, siyo kung'oa tu? Na mtu kama mimi anaingiaje kwenye bima inayogusa meno?

Mzee wa Mizani

Pole sana kijana wangu. Nimeendesha njia hiyo tangu Tunduma foleni haijawa foleni. La kwanza nakuomba, usivuke kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na jino la namna hiyo. Ng'ambo hata mwenye kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, analipa mfukoni, na mzigo huwezi kuuacha ukaenda kutafuta hospitali kwenye mji usioujua.

Wewe nyumbani ni Mbalizi, una bahati kuliko wenzako. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko hapo hapo mjini na kitengo cha kinywa na meno kipo. Fungua faili pale, siyo Dar. Ukipanda unapita Mbeya, ukishuka unapita Mbeya. Mwambie daktari tangu mwanzo kwamba wewe ni mtu wa njia.

Na usifuate dawa za parking. Nimemwona utingo akidondoshea maji ya betri kwenye tobo la jino. Fizi iliungua ikawa nyeupe, na jino likaendelea kuuma vile vile.

Tabibu wa kinywa

Mimi ni daktari wa meno. Ndugu, maumivu yanayokuja yenyewe na kuzidi usiku mara nyingi maana yake ni kwamba mshipa wa ndani umeathirika, kwa hiyo kuziba peke yake hakutoshi tena. Lakini jino bado linaweza kuokolewa.

Kuhusu kurudi, siku ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote. Daktari anatoboa, anatoa mshipa uliooza, anasafisha, anaweka dawa na kiziba cha muda. Maumivu hupungua sana baada ya hapo. Kiziba hicho kinavumilia wiki chache, siyo miezi, kwa hiyo ukishuka na shaba yako pitia Mbeya umalizie. Ukikiacha kitavuja na wadudu watarudi ndani.

Madereva wengi wanakuja kwangu wakiwa wameshameza antibiotiki za duka la dawa, amoksilini na flajili, kwa wiki nzima. Dawa hizo haziingii ndani ya jino lililokufa. Zinasaidia pale maambukizi yameanza kusambaa, na hata hapo jino lenyewe lazima litibiwe. Kwa dawa za maumivu, diklofenaki usiinywe tumbo tupu, na kama una vidonda vya tumbo usiiguse. Tramado inaleta usingizi, usiinywe na kushika usukani.

Tafadhali shika hili: ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya au chini ya ulimi, au ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, paki gari mahali ulipo uende hospitali saa hiyo hiyo. Watu wanakufa kwa jino.

Dada wa Mafaili

Nafanya kazi ya karatasi kwenye ofisi ya usafirishaji, nijibu ya bima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, isipokuwa kwa anayemfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako, nusu ya mwajiri. Mpelekee tajiri hesabu: mshahara ulioandikwa ukiwa 400,000, yeye anatoa 12,000 kwa mwezi na wewe 12,000. Mke na watoto wako wote watatu wanaingia humo, na huduma za meno zimo. Gari lake likilala siku moja kwa sababu dereva amevimba shavu, anapoteza zaidi ya hiyo. Nendeni madereva wote pamoja, ukienda peke yako utaonekana msumbufu.

Akikataa kabisa, wewe na mkeo nendeni ofisi ya NHIF Mbeya mkaulizie vifurushi vya hiari, na muulize kifurushi kwa kifurushi kinalipia nini kwenye meno. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliwahi kuwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita; ulizieni kama bado ipo. Hiyo watu walikuwa wanaanzia zahanati au kituo cha afya, ndipo wapewe rufaa.

Suka wa Mbalizi

Mungu awabariki, nimesoma yote. Napakia kesho, nitashukia Mbeya kabla ya mpaka. Mkataba nimeshaongea na wenzangu wawili, tutamfuata tajiri pamoja. Daktari, swali moja: nikishatobolewa hiyo siku ya kwanza, naruhusiwa kuendesha siku hiyo hiyo?

Tabibu wa kinywa

Ganzi inakaa saa mbili mpaka nne, usile mpaka iishe usije ukajing'ata ulimi. Kama huna homa wala uvimbe, na hujapewa dawa ya usingizi, unaweza kuendesha. Ila kwa kuwa ni Mbeya, lala nyumbani usiku huo, uondoke asubuhi. Na upande huo usitafunie mahindi ya kuchoma mpaka jino liwekewe kofia ngumu ya kulifunika.